Re: Kavareji imelalia upande wa 3', data nitupe?
Usitupe bado mkuu, hiyo data yako ya RNA-seq (kusoma RNA kwa mashine ili kupima jeni). Hiyo grafu ya RSeQC (programu ya kukagua ubora wa data hiyo) unayosema kavareji, yaani kila sehemu ya RNA imesomwa mara ngapi, upande wa 5' (mwanzo wa RNA) iko karibu na sifuri halafu inapanda mlima kuelekea 3' (mwisho wake), uliza kwanza laibrari (sampuli iliyoandaliwa kuingia kwenye mashine) ilitengenezwaje. Kama walivuta RNA kwa mkia wa poli-A (mlolongo wa herufi A ulio mwisho wa 3') na RNA yenyewe ilishakatikakatika, kinachonaswa ni vile vipande vyenye mkia tu, vya 5' vinaoshwa vyote vinaenda zake, so cheki namba za RIN (alama ya uzima wa RNA, ya juu kabisa ni 10), zikiwa chini ya 7 hivi basi jibu unalo. Ila kama ni QuantSeq (aina mojawapo ya kiti za kutengenezea laibrari) tulia, ile imetengenezwa isome 3' tu.

Sasa cha kukuumiza kichwa si mlima wenyewe, ni kama sampuli zinafanana. Zote zikiinama sawa unaweza kulinganisha jeni kwa jeni fresh tu, isofomu (matoleo tofauti ya RNA ya jeni moja) ndo sahau. Lakini wagonjwa wakiinama na wazima wasiiname, DESeq2 (programu ya kutafuta jeni zinazotofautiana kati ya makundi) itakumwagia majeni kibao eti yamebadilika kumbe ni RNA imeoza, na hapo hata uweke RIN kwenye modeli haisaidii sana maana imeshafungamana na kundi. Sampuli zilizobaki ambazo hujatengenezea laibrari, waambie waondoe RNA ya ribosomu (ile iliyojaa zaidi kwenye seli na huihitaji) badala ya kuvuta poli-A.