Rangi ya Kucha Inayobanduka Kabla ya Siku Tatu

SWALI: Bi Mhariri, assalaam aleikum. Mimi nauza leso katika duka moja la Barabara ya Biashara, hapa Mombasa. Rangi ya kucha huipaka siku zile nisizosali tu, kwa hivyo ningependa idumu siku hizo sita au saba kisha niitoe. Usiku huroweka mikono katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na ndimu, nikaisugua vizuri, nikajipaka mafuta ya nazi ngozi ilainike, halafu nikapaka rangi mara mbili, nzito, chini ya feni ili ikauke upesi. Siku ya pili huwa nzima, ya tatu imeanza kubanduka kwenye ncha, na mara nyingine hutoka ukucha mzima kama gamba. Nimebadilisha chupa na nimenunua za bei ghali, lakini hali ni ile ile. Nifanyeje? – Msomaji, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam, bibie. Pesa ulizotia katika chupa za ghali ungejiwekea tu, kwa sababu ila haimo katika rangi, imo katika ile nusu saa inayoitangulia. Rangi hueleza yenyewe kwa nini imetoka, ukiitazama inavyotoka. Ikivuka ukucha mzima kwa mkupuo mmoja, basi haikushika tangu mwanzo, na chini yake palikuwa na mafuta au maji. Ikimeguka kwenye ncha peke yake, basi makali ya ukucha yaliachwa wazi au yamegongwa na kazi. Wewe umeyataja yote mawili.

Tuanze na maji. Ukucha, ingawa ni mgumu kuugusa, hunywa maji, na ukiroweshwa huvimba na kutanuka kidogo. Baadaye maji yakishatoka hurudi katika kiasi chake, lakini rangi iliyokaukia juu yake ulipokuwa umevimba haiwezi kurudi nao sawasawa, kwa hivyo huachia pembeni na kwenye ncha. Mafuta ya nazi yakifuatia, rangi inakuwa imelala juu ya mafuta wala haikuugusa ukucha wenyewe. Hayo mafuta sikukatazi, na kwa kweli ni mazuri sana kwa kucha. Nakuomba tu uyahamishie mwisho, yaani uyapake kwenye ngozi inayozunguka kucha kila usiku, rangi ikiwa imekwisha kukauka kabisa.

Siku unayotaka kupaka, oga na umalize kazi zote za maji mapema, kisha iache mikono ikae mikavu kwa muda wa saa moja au zaidi. Kata kucha ziwe fupi kiasi na uzizungushe pembe kwa tupa, ukivuta upande mmoja bila kwenda na kurudi kama msumeno, kwa sababu ukucha mrefu hupinda kila unaposhika kitu, na rangi iliyokauka haipendi kupindwa. Baada ya hapo chukua pamba yenye rimuva au spiriti, uufute kila ukucha hadi ule mng'aro wa mafuta ufifie, hata kama hakuna rangi ya zamani ya kutoa. Ukishafuta, usijishike nywele wala uso hadi umalize, maana mafuta ya nywele yatarudi pale pale ulipoyatoa.

Rangi ya msingi, ile isiyo na rangi, wengi huiruka kwa kuona ni gharama ya bure, nami sikubaliani nao. Imetengenezwa ili ishike ukucha vizuri kuliko rangi yenyewe, na juu ya hayo huzuia rangi nyekundu na nyeusi zisiache manjano. Juu yake paka rangi mara mbili, kila mara nyembamba, ukiipangusa brashi kwenye mdomo wa chupa kwanza, na usubiri dakika chache kati ya moja na nyingine. Acha uwazi mdogo sana kando ya ngozi, kwani rangi iliyopanda juu ya ngozi huinuka pamoja nayo na kufungua njia ya maji. Kisha fanya jambo ambalo nadhani hulifanyi kabisa: ugeuze mkono ukutazame kwa mbele, uyaone yale makali membamba ya ukucha, na uyapitishie ncha ya brashi. Rudia hivyo kwa rangi ya kumalizia. Makali yakifungwa, maji ya vyombo hayana pa kuingilia.

Kuhusu feni, rangi ya kawaida hukauka kwa viyeyushi vyake kuruka hewani, na ikiwa nzito uso wake hufunga kwanza huku ndani bado ni laini. Ndiyo maana unaweza kuigusa ukadhani imekauka, ukaamka asubuhi ina alama za shuka. Feni inayovuma moja kwa moja juu ya rangi nzito huzidisha tatizo hilo. Aidha, usiku wa joto na unyevu kama wetu wa Pwani, rangi huweza hata kuingia ukungu mweupe. Ukipaka nyembamba hutaihitaji feni, ila ujipe saa kadhaa kabla ya kulala, na usiende kukaa karibu na jiko, kwa kuwa rangi hii na rimuva yake hushika moto upesi.

Yaliyobaki ni ya dukani. Mafundo ya kamba za marobota ya leso yafunguliwe kwa mkasi, na karatasi za nailoni zisikwanguliwe kwa kucha. Nyumbani, vaa glavu unapoosha vyombo na unapopara samaki, na dawa ya kutakasa mikono yenye spiriti usiitumie kupita kiasi, kwani hulainisha rangi. Siku ya tatu ongeza rangi ya kumalizia mara moja, nyembamba, pamoja na yale makali. Ukifanya hivi, siku zako sita au saba si matarajio makubwa kwa rangi ya kawaida. Ukishauriwa ukapake ya jeli inayokaushwa kwa taa, kumbuka kuwa hiyo hukaa kama wiki mbili na kuitoa ni shughuli, kwa hivyo haikufai wewe unayetaka kurejea kwenye udhu wako kwa wakati.

SWALI: Rangi yangu imekuwa nzito kama asali. Naongeza rimuva, inalainika, lakini ikipakwa haidumu hata siku mbili. Kwa nini? – Msomaji, Likoni.

JIBU: Kwa sababu rimuva kazi yake ni kuivunja rangi, na ukiitia chupani huanza kuivunja humo humo. Iko dawa maalumu ya kuyeyushia rangi ya kucha. Matone mawili matatu yanatosha, kisha uizungushe chupa kati ya viganja. Futa shingo ya chupa kila ukimaliza ili kifuniko kifunge barabara, na uiondoe dirishani. Ikiwa hata baada ya dawa inavuta nyuzi, itupe.

SWALI: Dada yangu anaolewa. Hina itapakwa Alhamisi, na rangi ya kucha Jumamosi asubuhi. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo, rangi ikaanza kutoka ukumbini. Tufanyeje? – Msomaji, Kibokoni.

JIBU: Hina na rangi hazigombani, kinachogomba ni mafuta. Hina huingia katika ukucha wenyewe na kuutia rangi, ndiyo maana haibanduki bali hukua na ukucha hadi ikatwe. Lakini ikishabanduliwa, bibi arusi hupakwa mafuta na kukatazwa maji ili ikolee, na Jumamosi kucha zake huwa zimeyanywa mafuta ya siku mbili. Mwambieni mpambaji azifute kwa rimuva ukucha mmoja mmoja, kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, bila kuigusa michoro ya vidoleni. Hina iliyokwisha kuingia ndani ya ukucha haitatoka kwa kufutwa hivyo. Na kama mtaweza, rangi ipakwe Ijumaa jioni badala ya Jumamosi, ili iwe ngumu kabla ya kuanza kuvalishwa, maana rangi mbichi, vishikizo na pini za nywele haviendi pamoja. Chupa ile ile muiweke katika mkoba wa somo wake, yaani kungwi wake.