Skala na vekta: usikariri orodha, jifunze kujumlisha

Nilipokuwa Senior Three hapa Uganda, nilikariri orodha mbili. Upande wa skala, yaani viasi tulivyoambiwa vina ukubwa tu: masi, muda, umbali, jotoridi, nishati. Upande wa vekta, vyenye ukubwa pamoja na mwelekeo: kani, uzito, velositi, mchapuko. Jaribio likaja na mkondo wa umeme, ambao haukuwa kwenye orodha yangu. Nikakumbuka kwamba kwenye mchoro wa saketi mkondo huwekewa mshale, nikaandika vekta. Nikakosa, na karatasi iliporudi haikuwa na maelezo yoyote, ila alama ya kukosa kwa wino mwekundu.

Jibu nililipata njiani kutoka kisimani, nikiwa na dada yangu. Jerikani letu lilikuwa la lita 20. Likijaa, maji yana masi ya kilo 20, na dunia huyavuta kwa kani ya karibu newtoni 200. Tulipitisha kamba kwenye mshikio, kila mmoja akashika ncha yake. Tulipokwenda bega kwa bega mzigo ulikuwa mwepesi, kila mkono ukibeba kama newtoni 100. Lakini mbele mvua ilikuwa imechimba mtaro katikati ya njia, ikabidi yeye apite ukingo huu, mimi ule. Kamba ikatanuka, ikazama kwenye vidole, mkono ukaanza kuuma. Dada akadhani nimelegeza upande wangu. Maji hayakuongezeka hata tone! Kilichobadilika ni mwelekeo wa kuvuta.

Nyumbani nikapiga hesabu. Pembe kati ya pande mbili za kamba ikifika nyuzi 120, kila mmoja anavuta newtoni 200, sawa na kubeba jerikani zima peke yake. Nguvu nyingi inapotelea pembeni, mnavutana ninyi kwa ninyi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukikutana na kiasi usichokijua, usiishie kuuliza kama kina mwelekeo. Uliza kinajumlishwaje. Kani ya newtoni 3 na ya newtoni 4 huleta 7 zikienda upande mmoja, 1 zikipingana, na 5 zikikutana kwa pembe mraba. Hiyo ni tabia ya vekta. Lakini nyaya mbili zikiingiza ampea 3 na ampea 4 kwenye kiungo kimoja, zinazotoka ni ampea 7, hata uzikunje nyaya unavyotaka. Ndiyo sababu mkondo ni skala, mshale uwepo usiwepo.

Alama ya kutoa nayo huwapoteza wengi. Jotoridi la nyuzi -5 halielekei popote, liko chini ya sifuri basi. Na dereva wa teksi akitoka Jinja kwenda Kampala na kurudi, ameunguza mafuta ya kilomita 160 hivi, ila kwa hesabu ya vekta kwenda ni + na kurudi ni -, kwa hiyo hajasogea: yuko pale pale alipoanzia.

Leo jioni chukua rula na protrakta. Chora mstari wa sentimita 3 na mwingine wa sentimita 4 kutoka nukta moja, pembe kati yao iwe nyuzi 60. Kamilisha msambamba, kisha pima ulalo unaoanzia kwenye nukta ile. Ukipata 6.1 hivi, umeshajumlisha vekta.