Mchoro wa Paul Revere kama chanzo cha msingi darasani

Je, mchoro wa Paul Revere, fundi wa fedha wa Boston, kuhusu mauaji ya Boston, ambapo askari wa Uingereza waliufyatulia risasi umati katika mji huo wa Marekani, ni chanzo cha msingi, yaani ushahidi wa wakati wa tukio lenyewe? Ndiyo, kwa kuwa ulichapishwa majuma machache tu baada ya tukio la Machi 5, 1770, lakini usifundishwe kama picha halisi ya yaliyotokea. Revere aliunakili kutoka kwa msanii Henry Pelham, ambaye alimwandikia barua kali kulalamika, na shabaha ya Revere ilikuwa kuchochea hasira za wakazi wa makoloni: askari wa Uingereza wamejipanga mstari mnyoofu, Kapteni Preston, kamanda wao, ameinua upanga kuamuru, na jengo la forodha nyuma yao limewekewa kibao cha Jumba la Mchinjaji. Ushahidi uliotolewa mahakamani mwaka huohuo unaonyesha vurumai na umati uliorusha madonge ya theluji, na Preston, aliyetetewa na wakili John Adams, aliachiwa huru. Kwa watoto, ningeweka maelezo ya Preston kando ya mchoro huo ili watafute yanayopingana. Ila naye alikuwa akijitetea, kwa hiyo wasiachwe wakimdhania kuwa ndiye msema kweli.