Dada, anza na mishahara kabla ya keki

Dada uliyeuliza jana, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema umemaliza diploma ya rasilimali watu, umeajiriwa Kilimani kwenye kampuni changa ya teknolojia yenye watu 32, na wewe ndiye wa kwanza kushika idara hiyo. Mdosi amekuambia "utujengee utamaduni", akakupa pesa za keki na fulana. Unauliza uanzie wapi, na kama kazi hii itakufikisha mbali. Nimeifanya miaka 11 hapa Nairobi, minne ya kwanza kwenye kampuni inayofanana sana na yako, kwa hivyo nakujibu kwa yale niliyoyapitia.

Anza na mshahara.

Kampuni yangu ya kwanza ilikuwa karibu na Ngong Road. Tulikuwa watu 19, tukiuza programu ya kusambazia mizigo. Nilikuta ukuta umepakwa rangi nzuri, umeandikwa kwamba sisi ni familia moja, na kila Ijumaa chakula cha mchana cha bure. Mshahara nao uliingia siku yoyote kati ya tarehe 28 na tarehe 7. Mwenye nyumba wa Roysambu au Umoja hajui habari za wawekezaji. Tarehe 5 anataka kodi yake. Watu walikuwa wanakopa kwa simu ili wavuke wiki, wanaingia ofisini wamenuna, halafu mdosi ananiuliza kwa nini timu haina ari. Nusu yao hawakuwa na mkataba wa maandishi, ilhali Sheria ya Ajira ya 2007 inautaka kwa kazi yoyote ya miezi mitatu au zaidi. Hati za mshahara hazikuwepo. Ulipata ujumbe wa benki, basi.

Nilichukua miezi kadhaa kumshawishi mdosi tutaje tarehe moja, 28, na pesa zikikwama watu waambiwe mapema. Mara ya kwanza zilipokwama, alisimama mwenyewe tarehe 24 akaeleza. Watu walilalamika pale pale, wakauliza maswali makali, wakarudi kazini. Mwezi huo hakuna aliyeniletea barua ya kuacha kazi.

Kisha nikaanza kutoa hati za mshahara. Wiki ile ile kijana mmoja wa huduma kwa wateja alinijia na karatasi mbili: hati niliyompa na taarifa yake ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Alikuwa amekatwa miezi mitano na pesa hazikuwa zimefika. Alizungumza kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. Tulilipa malimbikizo pamoja na faini. Kwa hivyo jifunze makato kwa kalamu na karatasi kabla ya kutegemea programu yoyote: PAYE, yaani kodi ya mapato, inayopaswa kufika KRA, mamlaka ya ushuru, kabla tarehe 9 haijapita, NSSF, SHIF ya asilimia 2.75, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kwa mwajiri. Mtu akikuuliza kwa nini amekatwa kiasi fulani, mjibu hapo hapo kwenye meza yako. Imani ya watu kwako itaanzia hapo.

Jambo la pili ni jinsi mtu anavyopigwa kalamu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kampuni nyingi changa zinapojiumiza.

Mwaka wangu wa pili, msichana mmoja alikosa zamu mara mbili asubuhi. Jumapili usiku mdosi akamtoa kwenye kundi la WhatsApp la kazi. Ndivyo alivyojua hana kazi, na wenzake wote waliona jina lake likitolewa. Jumatatu ofisi ilikuwa kimya kama matangani. Baadaye ndipo tulipojua kwamba asubuhi zile alikuwa anampeleka mamake hospitali kusafishwa damu kwa sababu ya figo. Hakuna aliyemuuliza. Mimi pia sikumuuliza, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Alikwenda ofisi ya leba, kampuni ikamlipa, nami nikaandaa makaratasi. Lakini hasara kubwa ilikuja polepole: miezi miwili baadaye waandishi wetu wanne wa programu walikuwa wameondoka, na wawili kati yao waliniambia wazi kwamba walianza kutafuta kazi Jumatatu ile.

Kifungu cha 41 cha ile Sheria ya Ajira kingetuokoa. Kinasema kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, na usikilize anachosema. Mahakama ya Ajira ikiona umemfuta isivyo haki, inaweza kukuamuru umlipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Mwambie mdosi wako habari hiyo ya miezi 12 mapema. Wengi husikiliza wakifika hapo. Ila wewe kishike kifungu hicho kwa sababu ya yule msichana. Kikao cha nusu saa kingetufikisha kwenye habari za mamake.

Na kwa kuwa mko zaidi ya 20, kifungu cha 6 kinawataka muwe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Iandike mwezi huu. Usingoje tukio.

Sasa kosa langu mwenyewe, ambalo naomba usilirudie. Mwaka wa tatu niliwauliza watu maoni yao kwa siri. Saba walimlalamikia kiongozi mmoja wa timu aliyekuwa akiwatukana mbele za watu. Nikiwa kwenye gari na mdosi, ulimi ukateleza, nikataja majina mawili. Wiki haikuisha kabla kiongozi yule hajajua, na mmoja wa wale wawili akaondolewa kwenye mradi alioupenda. Niliomba msamaha. Hata hivyo ilichukua karibu mwaka mzima kabla mtu hajakaa tena kwenye kiti kilicho mbele ya meza yangu. Tangu hapo, kabla mtu hajafungua mdomo, namwambia ni nini nitakachotunza kuwa siri, nini siwezi kukitunza, kama unyanyasaji au hatari kwa usalama, na nani atakayesikia. Wengine hunyamaza wakisikia hivyo. Ni haki yao.

Kuhusu keki: pesa hizo zitumie kwa chakula cha mchana na watu wawili watatu kila wiki. Kibanda kilichokuwa nyuma ya ofisi yetu, kwenye chapati na madondo, ndiko nilikosikia kwamba jumbe za kazi za saa nne usiku ndizo zilizowachosha watu zaidi. Tukakubaliana baada ya saa moja jioni anapigiwa mtu simu mtambo ukizima tu. Aliyekuwa mgumu kuzoea ni mdosi, na alipozoea yeye, wengine walifuata.

Kuhusu kupanda: jisajili kwa mitihani ya CHRP, ile ya kitaaluma ya rasilimali watu, na uwe mwanachama wa IHRM, taasisi ya wataalamu wa kazi yetu, kwani kazi hii inasimamiwa kwa sheria yake ya 2012 na nafasi nyingi nzuri sasa zinauliza cheti cha kuhudumu. Lakini kilichonipandisha mimi ni kusoma hukumu za Mahakama ya Ajira kwenye tovuti ya Kenya Law, bure, moja kila Jumamosi asubuhi. Utaona kampuni zikishindwa kwa barua iliyokosa sentensi moja, au kikao ambacho hakikuandikwa. Baada ya mwaka mmoja wa kusoma hivyo, mawakili wa kampuni walianza kunipigia mimi kabla ya kumpigia mdosi.

Jumatatu ukiingia, omba faili za wote 32. Hesabu ni wangapi wana mkataba uliotiwa saini, na wangapi hawana. Rudi hapa na nambari hiyo, tuendelee kutoka hapo.