Dhambi Mwenye Ufunguo Mkononi

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza iwapo mhusika anayeitwa Dhambi, Imani au Mauti katika utenzi wa kidini ana uhai wowote, au ni mahubiri tu yaliyovishwa kanzu. Nimefundisha fasihi hapa Nairobi kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba uhai anao, mradi mshairi ampe jambo la kutenda, maana jina peke yake halimfanyi mtu.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa John Milton katika Paradise Lost, utenzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1667. Katika kitabu cha pili Shetani anafika kwenye lango la jahanamu akitaka kutoka, na hapo anamkuta Dhambi, ambaye kuanzia kiunoni kwenda juu ni mwanamke mzuri, na chini ni nyoka mwenye magamba. Mbwa wamemzunguka kiuno wakibweka bila kukoma, na wakishtuliwa hutambaa wakarudi tumboni mwake na kuendelea kubweka humo humo. Mauti naye ni mwanawe, kivuli kisicho na umbo. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ataujua ukoo huo mara moja, kwa sababu Waraka wa Yakobo unasema kwamba tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikiisha kukomaa huzaa mauti. Lakini Milton hakuishia kwenye ukoo. Dhambi ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa lango, na akishalifungua hana tena nguvu za kulifunga. Kila nikifika hapo husita kufunua ukurasa, kwani sikufafanuliwa dhambi ni nini, ila nimeonyeshwa lango lililobaki wazi.

Samuel Johnson, mhakiki wa karne ya 18, aliona ni kosa kuwapa wahusika wa namna hii kazi halisi, kama pale Dhambi na Mauti wanapojenga daraja kutoka jahanamu hadi duniani. Kuhusu daraja nakubaliana naye, kwa kuwa ujenzi ule una lami nyingi kuliko maana. Kuhusu lango, hata yeye alikubali Dhambi awe bawabu wa jahanamu.

Kwetu pwani, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alikwenda mbali zaidi katika Al-Inkishafi. Hiyo si hadithi ya vita kama utenzi wa Herekali ulioandikwa huko huko Pate mwaka 1728. Ni mshairi anayeukanya moyo wake usidanganywe na dunia. Katika ubeti mmoja anaifananisha dunia na kisima chenye ndama dume anayempiga pembe kila anayesogea, asiyapate maji kamwe. Ndama huyo hakupewa jina lolote.

Niliposomesha ubeti huo, mwanafunzi mmoja aliyelelewa kwenye ufugaji Kajiado aliinua mkono kabla sijaeleza chochote. Akasema, “Mwalimu, huyo ndama hana haja na maji. Ameshakunywa. Anasimama pale tu.” Sikuwa nimewahi kuliona hilo katika kitabu chochote. Siku hizi, kabla ya kufungua ubeti huo, huuliza kwanza darasani nani amewahi kuteka maji kisimani penye mifugo.

Msomaji wenu, Nairobi