Timu Ikishinda Leo na Kufungwa Kesho, Shabiki Ufanyeje?

Timu inayofungwa kila wiki haisumbui sana; unajua cha kutegemea, unanuna mapema, yanaisha. Inayotesa ni ile inayomtandika kinara wa ligi leo, halafu wiki ijayo inapigwa nyumbani kwake na timu inayoshika mkia. Hiyo ndiyo timu yangu msimu huu. Kuna siku navaa jezi kwa mazoea tu.

Kilichonituliza ni kuupa macho mpira wenyewe kabla ya matokeo. Kupanda na kushuka kwetu si mkosi. Vigogo wakija kutushambulia wanaacha uwazi nyuma ya mabeki wao, na mawinga wetu wana mbio, kwa hiyo tunawaadhibu kwa kushtukiza. Timu ndogo inapaki basi, yaani inarudisha karibu wachezaji wote kulinda goli lake. Tunapigiana pasi za pembeni dakika 90 bila upenyo, kisha tunalizwa na kona moja. Ukishaliona hilo, hata lawama zako kwa kocha zinakuwa na maana: unamuuliza mpango wa pili uko wapi, badala ya kutaka afukuzwe kila tukipoteza na apewe mkataba mpya kila tukishinda.

Msimamo wa ligi haudanganyi, ila hausemi yote. Msimu wa 2024/25 Tottenham walifungwa mechi 22 kati ya 38 za ligi na kumaliza nafasi ya 17. Msimu huohuo wakabeba Europa League, wakiifunga Manchester United 1-0 kwenye fainali iliyochezwa Bilbao. (Kocha Ange Postecoglou akafutwa kazi wiki chache baadaye, kwa hiyo usidhani kombe linamaliza ubishi.) Chelsea nao walikuwa wa sita kwenye ligi mwaka 2012 na bado wakawa mabingwa wa Ulaya. Leicester, mabingwa wa England wa 2016, mimi siwatumii kujifariji. Wanaowataja kila siku huwa hawafiki 2023, timu hiyo iliposhuka daraja.

Kama imani imeyumba, iache iyumbe. Wapo watakaokuambia shabiki wa kweli hakosi mechi; wasikilize, kisha kosa mechi moja ukitaka. Ila usiiweke timu yako kwenye mkeka ukiwa na hasira au furaha, kwa sababu hapo unabeti moyo wako na pesa zako kwa mpigo. Na kundi la WhatsApp lizime sauti tangu filimbi ya mwisho hadi kesho yake. Matusi ya usiku huo hayajawahi kumfundisha straika kulenga goli.

Wikiendi hii tunakutana tena na wapaki basi. Kikosi kikitangazwa bila mtu wa kupiga mashuti ya mbali, mimi nitafua nguo zangu, matokeo nitayasoma jioni.