London hadi Tokyo: kikokotoo kinasema masaa 11 na nusu, tiketi inasema karibu 14

Mkuu, umeuliza kati ya kikokotoo cha mtandaoni na tiketi yako kipi ni sahihi. Vyote viwili. London na Tokyo zimeachana takriban kilomita 9,600, na ndege kubwa ikishatulia angani hukata kama kilomita 900 kwa saa. Jumlisha kupaa, kutua na ndege kutembea ardhini uwanjani, unapata hayo masaa 11 na nusu. Miaka ya nyuma nilisafiri njia hiyo na muda ulikuwa huohuo.

Kilichobadilika ni njia. Chukua tufe la dunia, kaza uzi kutoka London hadi Tokyo: unapita Skandinavia, kisha unaikata Siberia mwanzo mwisho. Tangu Februari 2022, vita vya Ukraine vilipopamba moto, Urusi imeyafungia anga mashirika ya Uingereza, na yale ya Japani nayo yakaacha kupita huko. Kwa hiyo wakati wa kwenda ndege nyingi huzungukia kusini: Uturuki, Bahari ya Kaspi, Kazakhstan, China, ndipo Japani.

Kurudi ndiko kulikonistaajabisha. Ndege ilipotoka Tokyo ilielekea mashariki, kama inakwenda Marekani! Ikapita upande wa Alaska, ikakata Aktiki na Greenland, ikaishukia Uingereza kutokea kaskazini. Kule juu kuna mkondo wa upepo unaovuma kwa nguvu kuelekea mashariki. Ukirudi kwa njia ya Kazakhstan unapambana nao safari nzima; ukianzia Pasifiki unakusukuma kwanza. Kwenye skrini ya kiti niliona mwendo umepita kilomita 1,000 kwa saa, halafu ukaanza kupungua tulipokunja kuelekea kaskazini. Usiudharau upepo huo: Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya abiria ilitoka New York hadi London kwa chini ya masaa matano.

Kuhusu kusoma tiketi: saa zote zilizoandikwa ni za mji husika. Ukiondoka London 13:00 na kufika Tokyo kesho yake 10:45, kwa kuhesabu tu saa zilizoandikwa ni masaa 21 na dakika 45; toa tofauti ya masaa 8 kipindi cha kiangazi, unabaki na masaa 13 na dakika 45. Majira ya baridi toa 9, maana Japani haibadilishi saa zake na Uingereza hubadilisha.

Ukitaka kupunguza muda wa kukaa angani, angalia kuunganisha kupitia Beijing, kwa sababu mashirika ya China bado yanapita juu ya Urusi. Ila hesabu na muda wa kusubiri uwanjani. Faida yenyewe ni ndogo, na kusubiri huko huila yote kwa urahisi, na mimi kwa safari ndefu hivi ningechukua ya moja kwa moja bila kusita.